Ile Sauti Uliyomtumia Mama

Bondeni,
Mombasa.
14 Septemba 2021

Mpendwa Kaka Arsalan,

Assalamu alaykum. U hali gani huko Doha? Kile kifua kimekuacha? Sisi twamshukuru Mungu, ingawa safari hii neno "hatujambo" lanitoka kwa shida. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nampa barua hii Taizoon, mwenzako wa chumba. Likizo yake imekwisha, anapanda ndege Alhamisi.

Mama ni mzima kwa leo. Kila asubuhi Beryl, yule muuguzi mpangaji wetu wa juu, humshukia kumdunga sindano yake ya sukari, na Mama humnyooshea mkono huku akimsimulia habari za mtaa. Lakini Beryl huyo huyo akitaja chanjo ya korona, Mama huvuta mtandio na kugeukia ukutani.

Sababu ni wewe. Ile sauti uliyotuma, ya kwamba chanjo inaua wazee, Mama ameihifadhi. Huwafungulia wanawake wenzake darsani baada ya alasiri, nao hutumiana. Imefika mpaka Majengo. Nilipomwambia hayo si kweli, alinikatiza: "Mwanangu ni daktari. Wewe wajua kumshinda?"

Kaka, wewe wapanga maboksi katika stoo ya hospitali. Ni kazi ya halali, na imetulisha. Udaktari tulikupa sisi, na wa kwanza ni mimi. Kadi za harusi yangu niliziandikisha "Dkt. Arsalan" ili wakwe wanione mtu. Ulicheka, nami nikacheka. Sasa sicheki.

Mzee Jamaldin, jirani yetu muuza vitambaa, alikuwa amekwisha kupanga foleni ya chanjo. Mkewe akamsikilizisha sauti yako, akarudi nyumbani. Tumemzika Jumamosi. Sisemi umemuua wewe. Siku ya mtu aijuaye ni Mungu. Lakini mjane wake ameniuliza kama daktari wetu ana la kusema, nikakosa pa kuuficha uso. Tangu jana wajukuu zake wawili wanakohoa, na Mama yumo humo nyumbani kwao kutwa kuwaliwaza.

Naogopa, Kaka. Naogopa hata kumsikia akipiga chafya.

Wachanjaji watakuwa katika shule ya hapa Makadara mpaka Jumatatu. Mtumie Mama sauti nyingine kabla ya hapo. Mwambie uliyasikia kwa watu ukayasema kama yako. Mwambie na lile aliloniambia Taizoon, kwamba wewe mwenyewe umechanjwa mara mbili usije ukafukuzwa kazi. Nilipolisikia hilo nilikasirika hata nikashindwa kula.

Na mwambie kazi yako. Mimi sijathubutu, ataona nakuonea wivu. Mimi hanisikii, lakini wewe atakusikia hata ukimwambia kuwa si daktari. Nitakaa kando yake, nami niikiri ile kadi. Aibu tutagawana.

Mume wangu Haroon anakusalimu sana, na Shangazi Mubaraka pia, anayekuombea kila swala. Mungu akulinde ugenini, na akupe ujasiri wa dakika mbili tu.

Mama ameniagiza niandike "Dkt." juu ya bahasha, kama kawaida. Nimeandika Arsalan tu, nikaifunga kabla hajavaa miwani.

Dadako akupendaye hata akikukasirikia,
Sadaf