Mama, Krismasi Hii Sitakuwepo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua barua hii utasomewa na mwinjilisti, ukiwa umekaa kwenye kigoda karibu na mlango, unafuta mikono kwenye khanga. Ndiyo maana sikuifunga bahasha. Mbili nilizokuandikia kabla ya hii nilizifunga kwa gundi, na Mama Aika muuza ndizi, aliyekuletea, amenirudishia zote mbili jinsi zilivyokuwa, hazijafunguliwa. Hii ya tatu naiacha wazi. Mtu yeyote katika lori la ndizi akitaka kuisoma na aisome, mradi ikufikie masikioni. Na wewe mwinjilisti, nakuomba usiruke mstari, hata ule utakaokutia haya.

Mama, nampenda mume wangu. Nianze na hilo kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Miezi sita imepita tangu uje mjini kunioza, na mpaka leo nikisikia hatua za Zakaria uani moyo unanidunda kama ndiyo kwanza ananichumbia. Akirudi kutoka bandarini shati lake linanuka katani na jasho, nami nalinusa kabla ya kulifua. Mwezi wa nane alipanga foleni duka la ushirika asubuhi tatu mfululizo, akaniletea doti moja ya khanga. Rangi yenyewe ni ya udongo, siipendi, lakini nimeivaa mpaka imeanza kupauka. Bi. Mwanaidi mwenye nyumba wetu hutuuliza haya mahaba tutayachoka lini, maana yanamnyima usingizi wa mchana. Tunakaa Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo, na kwa miezi mingi niliamini kila siku yangu ni sikukuu kweli.

Kosa ni langu, Mama. Uliponiuliza kanisa la Zakaria ni la namna gani, nilikuambia wanasali Jumamosi badala ya Jumapili, basi. Ukasema Mungu hasinzii Jumamosi, nikakukumbatia. Sikukuambia lililobaki. Sikukuambia kwamba wanashika zile sikukuu za Maandiko peke yake, Pasaka ya mikate isiyotiwa chachu, Pentekoste, Baragumu, Siku ya Upatanisho, Vibanda, na kwamba Krismasi kwao ni siku ya kazi. Nilijua siku hiyo ni nini kwako. Nilijua kuliko watoto wako wote, maana mimi ndiye niliyebaki nyumbani na wewe.

Unakumbuka ulivyokuwa unatuogesha kwenye mfereji, maji ya mlimani yanatuuma mpaka tunapiga kelele, halafu unatuvisha magauni matatu ya kitambaa kimoja na kutupeleka barabarani tukamsubiri baba? Mwaka mzima alikuwa Tanga kwenye reli. Sisi watoto hatukumjua baba wa Februari wala baba wa Julai. Tulimjua baba wa tarehe ishirini na nne Desemba, anashuka kwenye basi na sanduku la bati, anauliza huyu mdogo ni wa nani, na mimi nalia kwa sababu nadhani anauliza kweli. Kesho yake tunakwenda kanisani mstari mmoja, wewe mbele, yeye nyuma, na jirani wote wanaona kwamba wewe ni mke wa mtu. Kwako Krismasi ilikuwa hivyo. Mtoto wa Betlehemu alizaliwa, na mumeo alirudi.

Na unaukumbuka mwaka ule basi lilipopita bila kusimama. Mbuzi alichinjwa, kila mtu akapewa fungu lake, na wewe ukalifunga fungu la baba kwenye jani la mgomba ukalitundika juu ya moto lisiharibike. Lilikaa pale siku kumi na moja. Tulikula chini yake, tukalala karibu nalo, hakuna aliyethubutu kuligusa. Siku ya kumi na mbili simu ya upepo ya msiba ikaja kutoka Tanga, ukapanda kwenye kiti, ukalishusha, ukaenda kulizika mgombani.

Sasa nikusimulie lililotupata mwezi wa tisa, labda kicheko kidogo kitakulainisha. Ilikuwa Sikukuu ya Vibanda. Inataka watu wakae siku saba katika kibanda cha matawi, wakumbuke kwamba wazee wa Israeli waliishi jangwani bila nyumba na Mungu akawatunza. Zakaria alikata fito bonde la Msimbazi, akanunua makuti, akajenga kibanda katikati ya ua wa Bi. Mwanaidi, kwa ruhusa yake, ingawa nadhani hakuelewa aliruhusu nini. Asubuhi nilikuwa nimekaa humo nachambua mchele, mara nikaona wanawake sita wa mtaa wanaingia, khanga kichwani, mikeka kwapani. Mmoja alikuwa na bakuli la unga wa mahindi ya njano, na unajua mwaka huu unga unavyopatikana kwa shida. Wakaketi chini, wakanishika mikono, wakanipa pole. Mjini hapa makuti yakisimama uani watu wanajua moja tu, kwamba pana msiba.

Nilipowaeleza kwamba ni sikukuu, walitazamana. Bi. Mwanaidi akasema, "Bibi harusi, sikukuu gani ya kulala nje na chumba mnacho?" Wakacheka mpaka wakalala kwenye mikeka waliyokuja nayo ya kuomboleza. Hawakuondoka. Tulipika ule unga, tukala pamoja, na walipoinuka jua lilikuwa limeshapita kichwani. Nilifurahi sana siku ile, Mama.

Jioni nikamuuliza Zakaria kwa nini sikukuu hii anaipenda kuliko zote. Akanieleza kitu ambacho hakuwa amenieleza tulipochumbiana. Alipokuwa na miaka kumi na tatu, huko kwao Masasi, familia yao ilihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Walifika na vyombo vyao kabla hakujawa na nyumba hata moja. Mvua nzima ya mwaka ule waliishi chini ya matawi, watu saba, na mama yake alikuwa akiwaambia kila usiku kwamba hata Mungu aliwahi kukaa na watu wake hivi hivi. "Niliamini hapo," akaniambia. "Sikuamini kanisani." Nilimtazama mume wangu nikaona kumbe na yeye anacho kitu chake kama wewe. Kwako Mungu alishuka kwenye basi tarehe ishirini na nne. Kwake alikaa ndani ya matawi yanayovuja. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata alama nzuri katika somo la dini, na hakuna mwalimu aliyenifundisha nifanye nini na watu wawili ninaowapenda wanaomkumbuka Mungu kwa siku mbili tofauti.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Mama Aika, pale anapouzia ndizi zake sokoni, nikamwomba akufikishie habari kwamba Krismasi hii sitapanda mlimani. Sikuwa na ujasiri wa kuiandika. Wiki mbili baadaye akarudi na jibu lako. Alikuwa anapanga mikungu, hakunitazama. Akasema, "Mama yako anasema nyama yako ataifunga kama alivyoifunga ya baba yako."

Mama Aika akanikalisha juu ya gunia, akanipa maji, akanisema, "Wewe mtoto, mwanamume mmoja amekuroga nini?" Nikarudi nyumbani kwa miguu bila kuona barabara. Niliwakumbuka wale wanawake sita na mikeka yao. Wangekuja siku ile, wangenikuta nina msiba, na msiba wenyewe ni mimi.

Tangu hapo nimekuandikia zile barua mbili zilizorudi, na sina usingizi wala hamu ya kula. Zakaria ameona. Nilimwomba, nikampigia magoti, Mama, twende mara moja tu, aingie kanisani kwetu akae kwenye benchi la nyuma. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Alisema siku ambayo Mungu hakuiweka hawezi kuiweka yeye, na akikaa kwenye benchi lile moyo wake ukiwa nje atakuwa anamdanganya Mungu na kukudanganya wewe. Akasema niende mwenyewe, hatanizuia, atanisindikiza mpaka kwenye basi. Lakini wewe na mimi tunajua bibi harusi anayepanda mlimani Krismasi ya kwanza bila mume watu wanamwonaje. Watasema ameachwa. Watasema binti wa mjane yule amerudishwa kwao kabla ya mwaka. Utakwenda kanisani nami, na safari hii jirani watatazama nyuma yako na wasione mtu. Nikija na yeye haiwezekani, nikija peke yangu nakuaibisha, nikibaki hapa unanizika. Wenzetu wote wa kwetu wamekwisha kata tiketi. Kila siku napita stendi ya mabasi ya Kisutu natazama foleni, nasimama mwisho wake, halafu natoka.

Mama, lipo jambo moja linalonichoma kuliko lile neno lako. Amri ya Vibanda inataja watu ambao ni lazima ufurahi nao siku hizo. Inamtaja mtoto, inamtaja mgeni, inamtaja yatima, na inamtaja mjane. Nimewasikia watu wa kanisa la Zakaria wakiisoma katika kile kibanda nami nimeitikia amina, huku wanawake wa Kiislamu wa mtaa huu wakila sahani moja na mimi, na mjane wangu mwenyewe yuko Marangu peke yake anapalilia kahawa. Sikukukumbuka. Nilikuwa na furaha mno ya kukaa karibu na mume wangu. Tuliishika sikukuu nzima kwa siku zake, kwa matawi yake, tukamwacha mtu wake. Na wewe, nisamehe nikisema hivi kwa kupitia mdomo wa mwinjilisti, wewe nawe unaishika Krismasi, siku ya mtoto kupokelewa mahali ambapo hapakuwa na nafasi, na unataka kumfungia mwanao mlango.

Jana nilimwambia Zakaria maneno hayo ya mjane. Alikuwa anakunywa chai, akaiweka chini. Kisha akauliza Krismasi mwaka huu inaangukia siku gani. Nikamwambia Jumapili. Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Jumanne naweza. Jumanne sidai kitu, na mama yako hadai kitu." Nililia hadi Bi. Mwanaidi akagonga ukuta kuuliza kama kuna usalama.

Basi hilo ndilo nililo nalo, Mama, sina jingine. Krismasi hii sitakuwepo. Utakwenda kanisani bila mimi, na wakikuuliza niko wapi sijui utawajibu nini. Lakini Jumanne, tarehe ishirini na saba, tutashuka kwenye basi, mimi na yeye, na sukari kilo moja niliyokuwa naiweka tangu Oktoba. Haitakuwa sikukuu ya mtu yeyote. Hakutakuwa na mbuzi, kengele haitapigwa, jirani watakuwa wamerudi shambani na hawatakuwa na sababu ya kutazama. Zakaria hajawahi kuuona mlima wetu. Ameniuliza akusalimu vipi, nikamfundisha, anajizoeza anaponyoa ndevu.

Sikuombi uniandalie chochote. Nakuomba tu usiwe umekwenda gulioni siku hiyo.

Ni mimi,
kitindamimba wako.