Kipande cha Shingo ya Gambusi

Lisbon, Ureno

Kaka Idrisa,

Shikamoo. Salamu ni hiyo, sina moyo wa kuirefusha. Mimi mzima, ila vidole vinapasuka kwa baridi na gundi. Baba hajambo? Na macho yake, haoni kabisa sasa, au bado anaona kivuli cha mtu? Nakuuliza wewe kwa kuwa ndiye uliye naye, na angalau mara hii nataka unijibu kweli.

Kazi yangu ya karakana unaijua. Watu wa huku wanapenda sana ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, na mimi ndiye ninayezitengeneza zikivunjika. Wiki hii alikuja mama mmoja, mteja wa siku nyingi wa tajiri wangu, anayekusanya ukulele za maumbo ya ajabu. Akazipanga mezani kwangu nizilinganishe. Moja ina mwili wa nanasi, haina kiuno hata kidogo. Moja ni duara kama ungo. Nyingine imeundwa kwa kisanduku cha sigara, na ipo yenye mwili mdogo na shingo ndefu mno, ukiiachia mkono inakuangukia mbele. Nilifurahi, sikufichi. Nilimpigia ile ya nanasi asikie ilivyo na sauti nene, nikamweleza kuwa shingo ndefu inamfaa mwenye vidole vinene kwa sababu ina nafasi ya kukanyaga nyuzi. Akasema anayo moja ambayo sijapata kuiona. Akafungua mfuko wa kitambaa.

Kaka, alitoa gambusi la Baba.

Sikuhitaji kutazama mara mbili. Mfenesi ule ule, gogo moja toka tumbo mpaka kichwa, na ngozi ya mbuzi tuliyoivuta mimi na Baba nikiwa sijaanza hata chuo cha Kurani. Na shingo ile. Unakumbuka wapigaji wenzake walivyomcheka kwa kuichonga fupi? Aliifupisha makusudi ili mkono wangu wa kitoto ufike. Nyuma yake pana kibonyeo cha dole gumba, alichokichimba Baba mwenyewe kwa kupiga miaka yote ile. Nikatia dole langu, likakaa.

Nikamuuliza amelipata wapi. Akanionesha picha kwenye simu: wewe, umekaa barazani kwetu Malindi, Unguja, meno yote nje, umelishika kichwa chini. Eti ulimwambia ni ukulele ya kale ya Kizanzibari. Mtoto wa fundi gambusi, Idrisa! Huoni haya?

Na kila nikikupigia unanambia, "Nshalipeleka Mtoni kwa fundi, anabadilisha ngozi. Fundi mwenyewe mgonjwa, tumstahamilie." Baba naye kila tukizungumza: "Mwanangu, gambusi langu lishakaa mno kwa fundi. Hebu mwambie kakaako alifuate." Nami nikawa namtetea fundi ambaye hayupo. Umenifanya nimdanganye mzee wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Yule mama alitaka shingo ipunguzwe, ilingane na ukulele zake. Nikamwambia haifai. Shingo ya ukulele hubandikwa, ukiivua unairudisha. Hii ni mti mmoja, ukiikata umeikata. Hakuelewa. Nikamwomba aniuzie. Akanishika bega kwa upole, akasema ni kumbukumbu ya fungate yake. Tajiri akasema kama mimi siwezi, atampa mwenzangu, na huyo hukata kwa msumeno wa umeme huku anasikiliza mpira.

Basi nimelikata mimi. Nilifunga mlango, nikakata kwa msumeno wa mkono, polepole, kichwa nikakiunga tena kwa gundi. Nililia. Nilikulaani pia, kisha laana nikaifuta kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Hasira sikuifuta.

Najua utataja dawa za Baba, utataja na paa linalovuja. Ungenambia. Ningehangaika huku kama ninavyohangaika siku zote. Wewe umeona mzee haoni, ukasema basi hatajua.

Nisalimie mkeo na watoto. Nisalimie Shangazi Zuwena, ambaye bila shaka hukumwambia, maana angelala mlangoni gambusi lisitoke.

Pamoja na barua hii kuna kitambaa nilichokishona pande zote. Ndani yake mna kipande nilichokikata, hakizidi upana wa kiganja, na kile kibonyeo kimo. Usikitupe. Mpe Baba mkononi, kisha ukae karibu yake. Dole lake litaingia lenyewe, atatabasamu, halafu mkono wa pili utaanza kutafuta mwili wa gambusi. Hapo umjibu wewe, mimi nshachoka kukujibia.

Mdogo wako,
Rukia