Ile Foto Haikuwa ya Harusi

Mujukuu wangu Asani,

Huku Lusangi tuko wazima, ni goti langu tu linanisumbua. Baba yako amemaliza kupanda muhogo.

Unaniuliza ile foto ya zamani uliyoikuta Lubumbashi ilikuwa harusi ya nani. Harusi! Ilikuwa kilio cha kaka yangu Ramazani.

Wakati wa Wabelgiji, tulimukuta katika barabara ya Kabambare, amekatwa panga. Siku ya tatu muzungu wa serikali akafika na mashine ya foto. Tulikuwa tumejipaka udongo mweupe wa kilio. Kwetu, ukiutoa, umesema kilio kimeisha.

Akasema, "Muoge kwanza, muvae vizuri."

Mama akakataa. Chifu wetu akamusihi, "Oga, mama, apige foto, ndipo serikali itamutafuta muuaji."

Mama akakubali. Mimi ndiye nilimusugua uso, kwa mikono hii. Tukasimama. Muzungu akapiga foto, akapanda gari, wala hakuuliza Ramazani alikuwa na ugomvi na nani. Hakuna aliyekamatwa mupaka leo.

Na leo unaniandikia kwamba nyuma ya foto muzungu yule aliandika: "Familia yenye furaha." Miaka yote hii nilifikiri walitafuta, wakakosa. Kumbe hawakutafuta!

Wewe pia unapiga foto za watu. Usimwambie mutu aoge kwanza.

Njoo na mashine yako, tusimame palepale barabarani tulipomukuta Ramazani. Udongo mweupe nimeshauchimba. Safari hii sitaoga.

Mimi koko yako, dada ya Ramazani