Kanga Uliyoiona Juu ya Maiti

Joubert Park, Johannesburg

Mama yangu mkwe,

Shikamoo Mama. Nakuamkia nimeinamisha kichwa ingawa hunioni. Kifua kinaendeleaje, na ule mguu? Sisi hapa wazima. Narudia, Mama: wazima sote, na mwanao Bakari mzima, sasa hivi anakunywa chai huku anagombana na redio.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Shemeji Hamisi kaniambia ulivyosema: "Mwanamke anayelia kwa ujira, kesho atanililia mimi nikiwa hai." Maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo maana naandika. Bi Zaituni anakuja huko na basi, atakukabidhi mkononi.

Sikiliza ilivyokuwa. Kuna mzee mmoja wa Kiingereza, mwigizaji mkubwa, amekuja kutengeneza filamu ya mafuriko kwenye ghala bovu huko Jeppestown. Walitaka wanawake wa kukaa msibani. Mama Neema, jirani yangu Mkongo, akanivuta: "Dada, kulia tunalia bure kila siku, leo tulie kwa mshahara!" Nikaenda na mjukuu wako Rehema atusaidie Kiingereza. Mlangoni wakakusanya simu zetu, ndiyo desturi yao.

Wakati wa chai yule mzee akaja kukaa nasi mkekani. Rehema akawa anatafsiri, na Kiswahili chake unakijua kinavyochechemea. Kumbe baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Yeye akakimbilia maigizo, akacheza wafalme, akacheza wezi, akawa na jina. Halafu mto wa kwao ukafurika, ukaingia nyumba ya mama yake mpaka juu ya kitanda. Tangu hapo anahubiri habari ya joto na moshi, anakaa barabarani na wenzake kuzuia magari. Ndege hapandi tena. Huku kaja na meli ya mizigo mpaka Durban.

"Eish, Mama, na jela amelala," Rehema akasema. "Sababu ya hali ya hewa."

"Hali ya hewa nayo inafungisha watu?"

"Muulize mwenyewe."

Babu wa watu akacheka, akasema na kazi zimepungua, wenye filamu wanamkwepa.

Basi, humo kwenye filamu yeye alikuwa daktari aliyekufa akiokoa watu. Akalala, wakamfunika shuka la hospitali, miguu nje. Mama, sikuweza. Maiti gani analazwa namna ile, hata kama ni wa kuchezea? Nikavua kanga mabegani nikamfunika mpaka nyayo. Ile ya korosho nyekundu, Mama, ambayo siku ya harusi uliikata doti, kipande ukanipa mimi na kipande ukabaki nacho. Nikakaa kichwani pake. Nikakumbuka shamba lako la Muheza, mahindi yalivyokauka ukawa unang'oa mabua kwa mikono, na machozi yakaja yenyewe.

Mama Neema alikuwa na simu ya pili kaificha kifuani. Akanipiga picha, akairusha kwa watu bila neno lolote. Mengine unayajua kuliko mimi. Mkanitafuta, simu yangu imo kwenye sanduku la watu wa filamu. Ya Bakari ilikuwa imeibwa kituoni. Na wewe ukaiona kanga yako juu ya maiti. Nani angekuambia si mwanao? Mkatandika majamvi, khitma ikasomwa, wali ukapikwa, na marehemu yuko gereji anafunga matairi.

Bakari alipokupigia jioni ile kwa simu ya mwenzake ukapiga ukunga ukaanguka. Hapo ndipo siwezi kujisamehe. Bakari hanigombezi, ananitazama tu, na heri angenigombeza. Msikitini wanawake wananiuliza, "Mama Rehema, leo tunamzika nani?" Nacheka nao, nikifika nyumbani najifunika gubigubi.

Nilirudi kule kuchukua kanga. Rehema, mdomo wake huo, akamweleza yule mzee yote. Hakucheka, Mama. Uso ukamwiva. Akasema mama yake naye alimwona gazetini amebebwa na polisi mikono na miguu, akafunga mapazia, hata sauti yake kwenye simu hakuitaka. Akamfuata, akakaa kizingitini, mvua ikamnyeshea mpaka akafunguliwa.

"Alivyofungua alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, vua viatu, vina matope."

Mama, na mimi ningekuja nikae kizingitini pako. Lakini makaratasi yangu bado, nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo kanga imekuja badala yangu. Nimeifua, nimeifukiza udi.

Nisalimie shemeji Hamisi, na wifi yangu aliyeungua mikono kwa wali wa msiba usiokuwepo. Mwalimu wa madrasa mwambie dua zake hazikupotea, mwanao bado anazihitaji. Majirani waliolia, waombe radhi kwa niaba yangu, mimi uso sina.

Bi Zaituni akirudi huku atapita kwako kuaga. Ukiwa bado na uchungu, kanga ibaki hapo na mwenzake, sitauliza. Ukimpa airudishe, nitajua umefungua mlango. Na ukitaka kunitukana kwanza, nitukane, Mama. Viatu nimeshavua.

Mkamwana wako,
Mama Rehema