Koti la Marehemu Mume Wangu Linatembea Uani

Mpendwa Shangazi Justa, pokea salamu kutoka huku Sumbawanga kwenye baridi, naomba unisaidie upesi maana barua hii naiandika nikiwa nimeuzuia mlango wa chumba changu kwa gunia la mahindi.

Mimi ni mjane, naishi Malangali na mama mkwe wangu, Bibi Silvana, mume wangu Modesti alifariki mwaka jana wakati wa mavuno, alikuwa mtu mrefu mpaka akawa anainama kwenye kila mlango wa mtaa huu, na kila kipupwe alikuwa na koti lake zito alilolinunua mitumba ilipoanza kumwagika mjini, sasa tulipoanua matanga ndugu zake wa kiume wakagawana nguo, shati kwa huyu suruali kwa yule, lakini koti likawashinda wote, shemeji yangu Teodori wa Kipili alilijaribu akapotelea humo, wakacheka, wakaniachia mimi, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni, likatulia miezi yote bila kunisumbua.

Balaa lilianza nilipokwenda banda la video. Shoga yangu Bertilla aliniambia nimejifungia ndani mno, twende ukachangamke, kumbe siku hiyo wameweka filamu ya kutisha ya Kizungu, ya mwanamke aliyefiwa na mumewe kwenye nyumba iliyozungukwa na theluji, anaongea na picha, anaandaa sahani mbili, na yule mtafsiri wao Wilibrodi amesimama mbele na kipaza sauti anatueleza kwa Kiswahili, "Hapa mama anamlilia mzee, anasema rudi baba, shamba limenishinda," basi humo kwenye filamu koti la huyo mzee likaanza kushuka msumarini lenyewe, mara liko kwenye kiti, mara liko mlangoni pa chumba, na Wilibrodi akasema koti linauliza, "Nimerudi, mbolea yangu ya ruzuku mmeipeleka wapi?" watu wakapiga kelele, wengine wakalijibu kwamba ruzuku ilishafutwa, na pale lilipoinua mkono juu ya kitanda cha yule mama, jenereta likaishiwa mafuta. Tukatolewa nje bila kuona mwisho.

Shangazi, haikupita wiki na koti langu nalo likaanza. Jioni naliacha limetazama ukutani, asubuhi nalikuta limetazama mlango, pindo limelowa umande na lina matope, nikaingiza mkono mfukoni nikakuta punje za mahindi na ugoro, wakati Modesti hakuwahi kunusa ugoro maisha yake yote, nikasema huko aliko amejifunza. Nikamwita katekista Adriano, akalinyunyizia maji ya baraka mpaka likachuruzika, mchana wake nikalikuta limeanikwa kwenye kamba, limebanwa na vibanio! Halafu juzi alfajiri nikachungulia dirishani, ukungu umetanda, nikaliona kwa macho yangu haya linakatiza uani, halina kichwa, kola imesimama, mikono inaning'inia mpaka magotini, na kuku wote wanalifuata nyuma. Nikakimbilia kwa mama mkwe nikakuta kitanda kitupu, nikajua keshachukuliwa, nikajifungia nikalia, baadaye kidogo akatokea na mayai mkononi, nikamsimulia, akasema, "Ni upepo tu, mwanangu, tunywe chai."

Nilipomwambia kwamba siku ya misa ya kumaliza mwaka wa marehemu nitalichoma hilo koti, akapiga yowe, "Usilichome!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia mdomoni mwake, hapo nikajua marehemu ameshamwingia. Mafuta ya taa nimeshanunua. Nikishalichoma nitarudi kwetu Mollo, yeye nitampeleka kwa Teodori huko Kipili, ingawa roho inaniuma, nampenda kama mama yangu mzazi, tangu msiba tunajikaza, yeye hajalia mbele yangu wala mimi mbele yake. Nyinyi wa gazetini huko Dar es Salaam filamu zote mmeshaziona, tafadhali nakuomba uniambie, lile koti mwishoni lilimfanya nini yule mwanamke?

Mjane mwenye hofu, Malangali, Sumbawanga.

SHANGAZI JUSTA ANAJIBU

Mwanangu, kwanza hayo mafuta ya taa yatie kwenye taa. Pili, pole sana kwa msiba, nasema kwa moyo wangu wote. Tatu, kaa chini nikugombeze.

Mwisho wa hiyo filamu siujui, na nikimsikiliza huyo Wilibrodi wenu naona hata mwanzo wake hamkuupata. Mzimu wa kwenye theluji unadai mbolea ya ruzuku? Huyo bwana ana shida zake za shamba, kapata kipaza sauti, kaamua kuwatwisha nyinyi.

Sasa tuje kwenye koti. Umeniandikia mwenyewe kwamba marehemu alikuwa akiinama milangoni. Angelivaa yeye, pindo lingefikaje kwenye matope? Aliyemo ndani ni mfupi. Kichwa kilikuwapo, kilikuwa kimezama kwenye kola kwa baridi yenu hiyo. Kuku nao hawana habari na mizimu, wanamfuata mwenye mahindi mfukoni. Habari ya ugoro sikuelezi, nenda kainuse kanga ya mama mkwe wako. Na mzimu unaolowa ukajianika wenyewe kwa vibanio, ukiupata mwingine niletee hapa nyumbani, nina beseni la nguo tangu Jumapili. Mtoto wewe, umekuta kitanda kitupu, mwenye kitanda amerudi na mayai, na bado ukanunua stempu!

Lakini nisikilize vizuri. Huyo mama ndiye aliyemzaa Modesti. Siku ya kugawa nguo walikaa wanaume, wakajaribu mmoja mmoja, koti likawashinda, wakacheka, wakampa mke. Nani alimuuliza mama? Nimeisoma barua yako mara mbili sijamwona mtu huyo. Na yeye angeanzia wapi kuomba koti la kiume mbele ya watoto wake, ili aambiwe anamnyang'anya mjane? Kipupwe kilipoingia akapata kisingizio, akawa analichukua kabla hujaamka, analisha kuku akiwa ndani ya koti la mwanawe, kisha analirudisha msumarini kwa aibu kama mwizi. Halikuanza kwa sababu ya video yako, lilianza kwa sababu baridi ilianza. Na yowe lile lilikuwa lake mwenyewe. Hukuitambua sauti kwa sababu hujawahi kumsikia akilia.

Hapo ndipo ninapokugombeza kweli. Mko wawili katika nyumba moja, mnamlilia mtu mmoja, na kila mmoja anamficha mwenzake machozi kana kwamba ni ya wizi. Unamwogopa marehemu aliyekupenda, halafu huyo aliye hai unataka kumsafirisha Kipili. Mimi nimekasirika, na nimelia kidogo, na sipendi kulia ofisini.

Kwa hiyo wewe hurudi Mollo na yeye haendi popote. Kesho amka kabla yake. Washa moto, bandika chai, litoe koti msumarini umngoje nalo. Akitoka chumbani mwamkie shikamoo, mvalishe, mfunge vifungo mpaka cha juu. Usimuulize kitu wala usimwambie kwamba unajua. Akilia, nawe lia, kuku watasubiri. Na kama unaogopa kumngoja gizani, ondoa hilo gunia mlangoni uone kwamba anayepita uani ni mkweo.

Halafu mpeleke kwa fundi kabla ya misa, akate pindo na mikono ya koti, bibi wa watu asije akajikwaa akienda kupokea komunyo. Aingie kanisani akiwa amelivaa, mbele ya Teodori na wenzake wote waliocheka, nawe umeshika mkono wake.

Na vipande fundi atakavyovikata, usimwachie. Hivyo ni vyako.