Muthokoi Waliyomwagia Kuku

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kathonzweni tuko wazima, na kunde za babu yako zimeanza kutoa maua. Wewe kunywa maji yenye chumvi kidogo kila siku. Sisi tuliotolewa utumbo mpana kwa sababu ya vidonda hupungukiwa maji mwilini haraka.

Unauliza kama uwaambie wenzako wa kazi hotelini kwamba una mfuko wa choo tumboni. Mimi sikusema. Mwaka uliofuata operesheni yangu nilipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa harusi ya ndugu yangu, na wifi mmoja akauona mfuko leso niliyojifunga ilipolegea. Akachukua mwiko akasema, "Kaa tu, mama, upumzike." Nikamshukuru, mjinga mimi. Kugeuka, naona sufuria yangu nzima inamwagiwa kuku.

Niliomba sabuni, nikanawa mpaka kwenye viwiko mbele ya wifi na wapishi wenzake, kisha nikauliza ni nani mwingine aliyenawa tangu atoke chooni. Nikapika upya, wageni wakala.

Waambie, Mwende. Halafu uliza sabuni yao iko wapi.

Susu, nyanya yako ambaye bado anapika.