Karakana ya Baba

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

U hali gani huko? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi.

Nimefungua karakana ya marehemu baba yako. Nilitaka kufagia tu, lakini binti wa jirani alichungulia dirishani akauliza, "Bibi, ile ni nini?" Nikamwonyesha jinsi randa inavyolainisha ubao. Kesho yake akaja na wenzake wanne, na sasa kila Jumamosi chumba kinajaa. Fundi redio, yule mwenye kigugumizi, alizungusha waya wa shaba kwenye msumari, akaunganisha betri, msumari ukanyanyua pini zangu zote za cherehani. Mama muuza mkaa akapiga kelele, "Uchawi!" Watoto wakamkalisha wakamweleza mpaka akaelewa. Sasa haondoki. Anachonga vikaragosi vinavyopunga mikono ukivuta uzi.

Niandikie.

Mama yako

29 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo. Kazi za maabara hapa hospitalini zimetuelemea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Tafadhali, funga karakana. Tangu nilipojikata kidole nikiwa na miaka minane, mimi mtoto wa pekee wa baba sikuruhusiwa kukanyaga humo. Nilisimama nje nikisikia msumeno, naye anasema, "Hapa si pa mtoto wa kike." Leo mabinti wa watu wamejaa humo! Hata mazishini nilikuja na donge hilo, nikaondoka nalo.

Habari za Jumamosi usiniandikie tena.

Mwanao

20 Aprili

Marahaba, mwanangu.

Nilitaka kufunga kweli. Nikawatangazia kwamba Jumamosi ile ndiyo ya mwisho. Binti wa jirani alikuwa ameshika kikaragosi chenye mkono mmoja. Akauliza kama anaweza kuja tu kukimalizia mkono wa pili. Fundi redio akanivuta pembeni. "K-kwani wamekosa nini?"

Wao hawakukosa kitu. Aliyekosa ni mimi.

Siku ile ulipojikata, damu yako ilinitia wazimu. Nilimwambia baba yako, ukiingia humo tena naondoka nyumbani. Tuligombana wiki nzima. Alikuwa amekutengenezea benchi dogo la kimo chako, nikalivunja, nikalifanya kuni. Maneno uliyoyasikia yalikuwa yangu. Yeye aliyatamka ili usinichukie mimi, na mpaka anakufa hakunitaja. Nami nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa rahisi kunyamaza.

Nisamehe. Karakana sikuifunga.

Mama yako

2 Juni

Mwanangu,

Sijapata jibu lako, na sikulazimishi. Naandika ujue tu kwamba mimi ni mzima. Watoto wameotesha maharage kwenye pamba iliyoloa maji, wanachora mizizi kila wiki. Nami nimekata ubao wa kwanza maishani. Umepinda hivi kwamba fundi redio alicheka bila kigugumizi.

Mama yako

14 Septemba

Mama, shikamoo.

Siumwi, usihangaike. Nilikuwa na hasira. Kwanza nawe, halafu na mimi mwenyewe. Mwaka mzima aliougua, baba akija kwenye simu nilimpa salamu tu, kisha nasema kazi imeniita. Alikuwa akijibu, "Haya mwanangu, kafanye kazi." Sauti hiyo imenikalia masikioni. Wenzangu wa maabara wamenikuta nalia chooni mara mbili.

Hasira haijaisha, Mama. Sitaki kukudanganya.

Lakini Desemba nimepewa likizo ya wiki tatu, nakuja. Maabara imepata hadubini mpya, na ile ya zamani wamenipa. Waambie watoto wachote maji ya mtaroni kwenye chupa. Tone moja tu litawaonyesha vijidudu vinavyoogelea, na kila mmoja avichore anavyoviona. Muuza mkaa naye asikose, apige kelele tena.

Ila siku ya kwanza usimwalike mtu. Tuingie mimi na wewe. Nina miaka thelathini na nne na sijui kushika msumeno. Baba hayupo.

Utanifundisha wewe.

Mwanao